Kuhamisha mionekano ya TM1 kutoka seva ya ujenzi hadi seva ya kazi: njia ipi ifanye kazi ipi

Mkuu wa fedha ameketi nawe alasiri nzima mbele ya seva ya ujenzi. Mmepanga mionekano kumi na miwili ya bajeti, matawi chini, miezi juu, sifuri zimefichwa, naye ameridhika. Anapoinuka anasema, "Basi kesho asubuhi niikute kule kwenye seva ya kazi." Kila anayesimamia IBM Planning Analytics, programu ya kupanga bajeti, au TM1 kama wengi wetu tunavyoendelea kuiita, anajua kwamba agizo hilo dogo linaweza kula usiku mzima.

Njia za kuhamisha zipo kadhaa. Nitazilinganisha kwa jinsi nilivyozitumia, lakini kwanza tuangalie mwonekano wenyewe umebeba nini, kwa sababu asiyelijua hilo ataona njia zote zinafanana.

## Kinachosafiri na kinachobaki

Mwonekano haubebi tarakimu. Ni swali lililohifadhiwa: nionyeshe mchemraba huu (jedwali la data lenye pande nyingi), akaunti hizi kwenye mistari, miezi hii kwenye safu, toleo la Bajeti, mwaka fulani. Tarakimu zinabaki kwenye mchemraba. Ukiuhamisha ukakuta kwamba upande wa pili unaonyesha namba nyingine, umefanya kazi yake. Anayetaka namba zenyewe zihame anatafuta kitu kingine, yaani mchakato unaotoa data kwenye faili upande mmoja na kuiingiza upande wa pili, na hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Chini ya mwonekano kuna seti, yaani orodha za vipengele vya kila daimensheni (upande mmoja wa mchemraba, kama matawi au miezi). Hapa ndipo uhamishaji mwingi huharibikia. Mwonekano wa aina ya kawaida huweza kushika seti yenye jina, kwa mfano "Matawi Yote Hai", au orodha isiyo na jina iliyofungiwa ndani ya mwonekano wenyewe. Seti yenye jina ni lazima iwepo upande wa pili, la sivyo mwonekano unaegemea hewa. Orodha isiyo na jina husafiri bila shida, ila imeganda: tawi la Mwanza lililofunguliwa mwezi uliopita halitaonekana humo hata kidogo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuambia. Jumla inatoka pungufu, basi.

Kuna na mionekano ya MDX, lugha ya kuulizia michemraba, ambayo ni maandishi ya swali lenyewe. Hiyo ni rahisi kuisoma kabla ya kuihamisha. Ukiona ndani yake TM1SubsetToSet, ujue kuna seti yenye jina inayoitwa, uifuate.

Halafu kuna suala la mali ya nani. Mwonekano ni wa wote au ni binafsi, na vivyo hivyo seti. Mwonekano wa wote hauwezi kusimama juu ya seti binafsi. Wengi hujenga kwa haraka wakiwa wameingia kwa akaunti zao, wakahifadhi seti kama binafsi bila kujua, na mambo hubainika siku ya kuhamisha. Kabla ya njia yoyote kati ya hizi, fungua kila mwonekano uhakikishe seti zake zote ni za wote. Dakika kumi hizo nimeziruka mara moja tu maishani, sitaziruka tena.

| Njia | Seva izimwe? | Mionekano binafsi | Seti zinafuata? |
|---|---|---|---|
| Kunakili faili | Ndiyo | Ndiyo, folda ya mtumiaji ikiitwa vilevile | Ukizinakili mwenyewe |
| Kujenga upya kwa mkono | Hapana | Mwenyewe aingie | Unazijenga pia |
| REST API na TM1py | Hapana | Kwa kuingia kama mtumiaji huyo | Ukiziandika kwenye skripti |
| Mchakato wa TurboIntegrator | Hapana | Hapana | Mchakato huziunda |
| Git | Hapana | Hapana | Zilizo za wote |

## Kunakili faili

Katika toleo la 11 la TM1, mwonekano wa wote ni faili yenye mkia wa .vue, ndani ya folda inayobeba jina la mchemraba na kuishia na }Vues. Seti ni faili za .sub, na kila daimensheni ina folda yake ya }subs. Vitu binafsi hukaa ndani ya folda ya mtumiaji, kwa mpangilio uleule. Basi unachukua faili hapa, unabandika pale.

Urahisi wake unavutia. Hakuna msimbo wa kuandika, hakuna cha kusakinisha, na ni miongoni mwa njia chache zinazobeba vitu binafsi vya watu wengi kwa mkupuo mmoja. Tatizo ni kwamba TM1 husoma faili hizi inapowaka, kisha inashika kila kitu kwenye RAM. Faili uliyoidondosha ndani ya folda wakati seva inatembea ni kama barua uliyoiweka mlangoni pa nyumba ambayo wenyewe wamelala. Lazima seva izimwe na kuwashwa, na mfumo mzito wenye sheria nyingi za hesabu unaweza kuchukua muda mrefu kuamka. Msimu wa bajeti, watu wakiwa wanaingiza namba hadi saa nne usiku, nafasi ya kuzima seva huipati.

Kasoro ya pili hujificha zaidi. Kunakili faili hakukuulizi chochote. Ukibandika juu ya mwonekano wenye jina lilelile, ule wa zamani umekwenda. Ukisahau faili ya seti, kimya. Na kama seva zenu mbili zinatumia usalama wa Cognos, yaani watumiaji huthibitishwa na mfumo huo mwingine wa IBM, jina la ndani la mtumiaji huweza kutofautiana kati ya seva moja na nyingine, kwa hiyo folda ya binafsi uliyoinakili kwa uangalifu haina mwenyewe upande wa pili.

Kuna kishawishi kimoja nikitaje wazi: kunakili folda nzima ya data "ili kila kitu kiende". Ndani yake mna faili za .cub, ambazo ndizo namba zenyewe. Ukifanya hivyo umepeleka namba za majaribio kwenye seva ya kazi na kuzifunika za kweli.

Toleo la 12 limeumaliza mjadala huu kwa namna yake, kwani huna tena folda ya data ya kuingia na kupekua. Kila kitu kinapita kwenye API. Kama mnafikiria kuhamia huko, taratibu zenu zote za kunakili faili zitakufa siku hiyo, na ni afadhali mzizike mapema. Kwa walio toleo la 11, ninaiona njia hii inafaa pale tu seva ilipokuwa izimwe hata hivyo, kwa mfano usiku wa matengenezo.

## Kujenga upya kwa mkono

Mionekano mitatu, minne, isiyobadilika kwa mwaka? Ijenge tena upande wa pili kwa mkono wako, uende nyumbani. Ikizidi mitano, mkono unaanza kukosea.

## REST API, kwa msaada wa TM1py

Hii ndiyo ninayoitumia mara nyingi, na ndiyo nitakayokaa nayo kidogo.

Tangu TM1 ilipopata REST API, yaani mlango wa programu nyingine kuzungumza na seva kwa maombi ya wavuti, mwonekano ni kitu unachoweza kukiomba kwenye seva moja na kukiwasilisha kwenye nyingine bila kugusa faili. Unaweza kuandika maombi hayo mwenyewe, ila TM1py, maktaba huria ya Python iliyotoka kwa watu wa Cubewise, imeshafanya sehemu ngumu. Kiini chake ni hiki:

```python
from TM1py import TM1Service

ujenzi = TM1Service(address="seva-ujenzi", port=8010, ssl=True,
                    user=mtumiaji, password=nywila_u)
kazi = TM1Service(address="seva-kazi", port=8010, ssl=True,
                  user=mtumiaji, password=nywila_k)

seti = ujenzi.subsets.get("Matawi Yote Hai", "Tawi", "Tawi", private=False)
kazi.subsets.update_or_create(seti, private=False)

mwonekano = ujenzi.views.get_native_view("Bajeti", "Mapato kwa Tawi",
                                         private=False)
kazi.views.update_or_create(mwonekano, private=False)
```

Mwonekano wa MDX huombwa kwa get_mdx_view badala yake. Namba ya poti ni ile iliyoandikwa kwenye HTTPPortNumber ndani ya tm1s.cfg ya kila seva.

Angalia mpangilio: seti kwanza, mwonekano baadaye. Ukigeuza, seva ya kazi itaukataa mwonekano wa kawaida kwa sababu unataja seti isiyokuwepo. Mimi naona kukataliwa huko ni faida kubwa kuliko zote. Faili hunyamaza, API hupiga kelele. Kosa unalipata wewe saa mbili usiku ukiwa na chai mezani, badala ya mkuu wa fedha kulipata saa tatu asubuhi mbele ya wakurugenzi.

Kinachobaki ni kuzungusha. Weka kanuni ya majina, kwa mfano kila mwonekano ulio tayari kuhama uanze na herufi fulani, kisha skripti ipitie yote yenye alama hiyo na kuiacha mingine. Bila kanuni hiyo utapeleka kwenye seva ya kazi kila "jaribio2" na "futa baadaye" ambazo wajenzi wamezitupa njiani, na watumiaji watakuuliza "futa baadaye" ni ripoti ya nini.

Nimeongeza hatua moja kwenye skripti yangu baada ya lile la Mwanza. Kabla ya kuhamisha, inaangalia kila mwonekano wa kawaida kama una orodha isiyo na jina, na ikiikuta inanitajia daimensheni husika. Hapo naamua: ama naigeuza iwe seti yenye jina inayojiongeza yenyewe, ama nakubali kwamba orodha hiyo imekusudiwa kuganda.

Vitu binafsi? Inawezekana. Msimamizi anaweza kuingia kwa niaba ya mtumiaji kwa kutaja jina lake kwenye kigezo cha impersonate, na skripti ikamhamishia vya kwake. Nafanya hivyo kwa nadra sana. Mwonekano binafsi ni droo ya mtu. Ukianza kuihamisha bila yeye kujua, utapata simu.

Ubaya wa njia hii upo. Lazima mtu mmoja angalau ajue Python, na awepo mwingine wa kumpokea akihama kazi. Nywila zisikae ndani ya skripti. Tena kwenye ofisi nyingi zenye nidhamu, seva ya ujenzi na ya kazi hazionani kabisa kwenye mtandao, na watu wa usalama hawatafungua poti kwa ajili ya mionekano yako. Hapo igawe kazi mara mbili: skripti ya kwanza iandike mionekano na seti kwenye faili za JSON, ambazo ni maandishi ya kawaida, faili zibebwe kwa njia inayoruhusiwa, skripti ya pili izisome upande wa pili. Inachelewesha kidogo, lakini inakuachia kumbukumbu ya kila kilichohamishwa, jambo ambalo wakaguzi hulipenda.

## Mchakato unaojiundia mwonekano wake

Hadi hapa nimezungumzia mionekano inayotazamwa na watu. Ile inayotumiwa na michakato ya TurboIntegrator, sehemu ya TM1 ya kupakia na kuchakata data, kama chanzo cha data au kwa ajili ya kusafisha sehemu ya mchemraba kabla ya kupakia, kwa maoni yangu haifai kuhamishwa kabisa. Mchakato uiunde wenyewe unapoanza: ViewCreate, SubsetCreate, ViewSubsetAssign, kisha vitu vyote viwe vya muda na vitoweke mchakato unapokwisha. Ukihamisha mchakato, umehamisha kila kitu. Cubewise hao hao wanagawa bure mkusanyiko wa michakato uitwao Bedrock, na ndani yake mna ya kuunda mionekano na seti kwa kuandika kichujio tu.

Sababu ni kwamba mtu anaweza kufungua mwonekano uliohifadhiwa, akabadilisha toleo moja kwa nia njema na kuhifadhi. Usiku mchakato unakuja, unasoma au kufuta sehemu isiyo yake.

Lakini usiichukue njia hii kama kinga kamili. Kwenye kampuni moja niliyofanyia kazi, mchakato wa kupakia matumizi ulikuwa unajiundia mwonekano vizuri kabisa, kisha unauita ViewZeroOut ili kusafisha mwezi husika. Wakati wa majaribio, seva ya ujenzi ilikuwa na toleo moja tu la data, kwa hiyo mwenzetu aliweka alama ya #, inayofanya mstari usitekelezwe, mbele ya mstari unaofunga daimensheni ya Toleo ili kupunguza fujo. Mchakato ukahamishwa na alama yake. Daimensheni isiyofungwa seti maana yake ni vipengele vyote. Usiku ule wa kwanza kwenye seva ya kazi, mwezi ulisafishwa kwenye Bajeti, kwenye Halisi, na kwenye makadirio yote matatu ya mwaka. Logi ya miamala, yaani kumbukumbu ya kila namba iliyobadilishwa, ilikuwa imezimwa ndani ya mchakato ili kuharakisha, kama wengi tufanyavyo. Tuliokolewa na nakala rudufu ya usiku uliotangulia na siku nzima ya kuingiza upya kazi za watu.

Tangu hapo mchakato wangu wowote wenye ViewZeroOut huhesabu kwanza ukubwa wa seti ya kila daimensheni kwa SubsetGetSize, na seti ya Toleo ikiwa na zaidi ya kipengele kimoja unajikatiza kwa ProcessQuit. Mistari minne ya msimbo.

## Git

Toleo la 11 lina Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya faili, ndani yake: seva inaandika ufafanuzi wake kwenye faili za JSON, na faili ya tm1project.json inaeleza nini kiingie na nini kiachwe. Upande wa kazi, kabla mabadiliko hayajatekelezwa, unapata mpango unaoorodhesha kila kitakachofanywa. Mtu wa pili anaweza kuusoma na kusema hapana.

Kwa timu ya watu wanne au watano wanaojenga kwa wakati mmoja, na wanaotoa mabadiliko kwa awamu, hakuna njia nyingine hapa inayoifikia. Mionekano inakwenda pamoja na daimensheni, sheria na michakato inayoitegemea, katika kifungu kimoja. Vitu binafsi havimo, na ni sawa visiwemo.

Kwa msimamizi mmoja anayehamisha mionekano sita kwa mwezi, ni kuazima lori kubeba mkungu wa ndizi. Utatumia muda mwingi ukirekebisha orodha ya vya kuachwa kuliko ukifanya kazi.

Hata kama hamtaki Git kwa kupeleka mbele, ifikirieni kwa safari ya kurudi. Seva ya ujenzi huburudishwa mara kwa mara kwa nakala ya seva ya kazi ili wajenzi wawe na namba mpya, na nakala hiyo inafuta kila mwonekano uliokuwa haujahamishwa. Git, au ile skripti ya kuandika JSON, iendeshwe siku moja kabla.

## Vitabu vya Workspace ni mzigo mwingine

Wanaotumia Planning Analytics Workspace, sehemu ya mfumo huu inayofunguliwa kwenye kivinjari, wana mtego wao. Kitabu, zile kurasa zenye michoro na majedwali, hakikai ndani ya hifadhidata ya TM1 bali kwenye hifadhi ya Workspace yenyewe. Kuhamisha mionekano kwa njia yoyote ya hapo juu hakuhamishi kitabu, na kuhamisha kitabu hakubebi mionekano iliyohifadhiwa kwenye hifadhidata. Tena kitabu kinaikumbuka hifadhidata kwa jina. Kama ya ujenzi inaitwa "Mpango_Ujenzi" na ya kazi "Mpango", kitabu kikifika kitaendelea kuulizia Mpango_Ujenzi. Ofisi yenye uhuru wa kuchagua ingezipa hifadhidata zote mbili jina moja tangu mwanzo na kutofautisha seva tu.

## Baada ya kuhamisha

Fungua mionekano upande wa kazi, ila usiifungue kama msimamizi. Msimamizi haguswi na usalama wa vipengele, kwa hiyo kila kitu kwako kitaonekana kizima. Ingia kwa akaunti ya majaribio iliyo kwenye kundi la meneja wa tawi. Haki za makundi hutolewa kwenye kila seva kivyake, na mara nyingi seva ya ujenzi imelegezwa. Meneja asiyeruhusiwa kuona jumla ya kanda, akifungua mwonekano wenye sifuri zilizofichwa na jumla hiyo peke yake kwenye mistari, anapata karatasi tupu, na atakupigia akisema data imepotea.